Kutu ya Landrova na Somo la Sayansi

Katika mkoa wa Mara hakuna haja ya kwenda mbali kuitafuta Landrova kuukuu. Iwe Musoma mjini, iwe Bunda au Butiama, haikosi kuonekana moja imeegeshwa uani, matairi yamekwisha upepo, na mwenyewe pamoja na fundi wake wakiitengeneza kidogo kidogo: mwezi huu mlango, mwezi ujao sakafu, kadiri fedha inavyopatikana. Maoni yetu ni kwamba kazi hiyo ya uani ni mojawapo ya vifaa bora vya kufundishia ambavyo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuvipata bila kulipa hata senti moja. Lakini tunaipita kila asubuhi, tukaingia darasani na kuandika ubaoni: "Kutu ni nini?" Kisha tunajibu wenyewe, nao watoto wananakili.

Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha na aanze na kitendawili ambacho gari hilo linamtegea. Landrova ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma cha pua kilitolewa kwa mgawo, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa imebaki kwa wingi. Kwa hiyo watengenezaji waliunda sehemu kubwa ya bodi kwa mabati ya alumini. Alumini haipati kutu. Mbona basi fundi wa Bunda anashinda kutwa nzima akipambana na kutu ya Landrova?

Swali hili lisijibiwe na mwalimu. Mpe mtoto sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, aipitishe kwenye gari lote. Penye boneti na madigadi itateleza na kuanguka. Penye fremu iliyobeba gari, penye ukuta unaotenga injini na abiria, na penye mifupa ya milango, itang'ang'ania. Hapo darasa limekwisha kuona bila kuambiwa kwamba gari hili limeundwa kwa metali mbili, na kwamba kutu imefuata moja tu. Watoto wenyewe watakumbuka kwamba sufuria ya nyumbani haipati kutu, bali jembe na panga hupata. Ndipo mwalimu aeleze kwamba alumini nayo huungana na oksijeni ya hewani, lakini utando unaotokea ni mwembamba, hushikamana na metali na kuilinda. Kutu ya chuma haishikamani hivyo. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hufura, huinua rangi, hubanduka, na kuacha chuma kipya wazi kiliwe tena.

Mwanafunzi mwenye macho makali ataonyesha unga mweupe pale bati la alumini lilipofungwa kwa boliti ya chuma. Asikemewe kwamba yuko nje ya somo. Metali mbili tofauti zikigusana penye majimaji hufanya kazi kama betri ndogo, na hapo alumini ndiyo inayoliwa. Darasa la saba halihitaji zaidi ya hayo, lakini linastahili kupewa hayo.

Mazingira yetu nayo yana la kusema. Maji ya Ziwa Viktoria ni maji baridi, si ya chumvi, kwa hiyo gari la Musoma halishambuliwi kama lile la Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari hubeba chumvi inayoharakisha kutu. Adui mkubwa huku ni tope. Magari yanayopita lango la Ndabaka na kuzunguka nyanda za magharibi za Serengeti nyakati za mvua hurudi na udongo mweusi wa mbugani uliogandamana chini. Fremu ya Landrova ya zamani, yaani zile za mitindo iliyotengenezwa hadi mwaka 1985, ni kama sanduku refu lililo tupu ndani. Tope huziba matundu ya kutolea maji, unyevu hukaa humo majuma mengi, na chuma huoza kuanzia ndani wakati nje rangi bado inang'aa. Fundi analijua hilo bila kitabu. Hugonga fremu kwa nyundo ndogo na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilichokwisha hutoa sauti ya kufa. Akikuta pamekufa hukata mpaka afikie chuma kizima, huchomelea kipande kipya, huzibua matundu, ndipo hupaka rangi ya kuzuia kutu. Fundi mvivu hujaza puti juu ya uozo, akapiga msasa na rangi, na gari likapendeza kwa msimu mmoja. Tungependa mwanachuo asimame hapo kitambo, kwani kumwuliza fundi "umejuaje?" ni kufundisha sayansi barabara kuliko kukariri maana ya oksidi ya chuma.

Katika Elimu ya Kujitegemea, maandiko ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilalamikia shule inayowafanya watoto waamini kwamba maarifa hutoka vitabuni na kwa wasomi tu, huku hekima ya wengine katika jamii ikidharauliwa. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, TANU ilitoa Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Madarasa yakajaa, walimu wakatafutwa kwa haraka, na kwa shule nyingi kujitegemea kukawa jembe na shamba tu. Mtoto alilima na kuchota maji, asiulizwe swali hata moja juu ya udongo wala maji. Hiyo ilikuwa kazi, haikuwa somo. Tunasema hivi kwa sababu hatari ile ile ipo hapa. Mwalimu akiwapeleka watoto kwa fundi ili wakwangue kutu, atakuwa amempatia fundi vibarua wa bure.

Tena kuna sababu ya usalama. Rangi za magari za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mwanga wa kuchomelea huumiza macho hata ya anayetazama kwa mbali kidogo. Watoto waende siku ambayo hakuna kukata, kupiga msasa wala kuchomelea. Waguse, wapime kwa sumaku, wasikilize nyundo, waulize.

Kazi ya mikono yao iwe darasani. Misumari minne na chupa nne zatosha. Ya kwanza iwe kavu kabisa na kufungwa. Ya pili iwe na maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, na mafuta ya kula yaelee juu. Ya tatu iwe na maji ya kawaida. Ya nne, maji ya chumvi. Baada ya juma moja hakuna atakayehitaji kuambiwa kwamba kutu hutaka maji na hewa kwa pamoja. Msumari ulioshika kutu utiwe katika maji ya ndimu usiku kucha, kisha uoshwe na kusuguliwa kwa kitambaa. Utasafika, nao watoto waone mashimo madogo yaliyobaki: kutu imeondoka, chuma kilicholiwa hakikurudi.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Darasa lina watoto mia na zaidi, na mtihani hauulizi habari za Landrova. La pili halitusumbui, kwani mtihani huuliza masharti ya kutu, na aliyeyaona hayasahau. La kwanza ni zito. Watoto mia hawawezi kulizunguka gari moja. Tunaona afadhali waende kumi na wawili, waliochaguliwa na wenzao na kupewa maswali ya darasa zima, kisha warudi kuyajibu mbele ya wote. Wengine waende zamu ya pili, wakapinge au kuthibitisha. Fundi akikubali kuja shuleni na kipande cha fremu alichokikata, ni bora zaidi. Apewe kiti cha mbele na aachwe aseme kwa maneno yake, "hapa pameliwa," naye mwalimu aandike ubaoni maneno ya fundi kando ya yale ya kitabu.

Ruhusa ya mwenye gari iombwe mapema, kwa heshima, na mwalimu aende mwenyewe kwanza bila watoto. Na shule iliyo mbali na barabara, isiyo na Landrova wala fundi, itumie fremu ya baiskeli iliyotupwa. Nayo ni bomba tupu ndani, nayo huoza kwa ndani, na ikigongwa husema.