Viduara vya mwanga kwenye picha za usiku
Viduara vyeupe vinavyoelea kwenye picha za usiku, ambavyo wengine hudhani ni roho, mara nyingi ni vumbi au manyunyu yaliyo sentimita chache mbele ya lenzi. Flashi huyamulika, na kwa kuwa yako karibu mno kamera hushindwa kuyalenga, basi hutanuka yakawa duara. Kamera ndogo za dijitali zilizidisha hali hiyo, kwani flashi yake imekaribiana sana na lenzi. Naye mtu anayeonekana kwenye picha kama kivuli chepesi alipita tu lenzi ikiwa wazi kwa sekunde kadhaa. Jambo zito zaidi ni ulaghai: William Mumler, aliyeanzia Boston miaka ya 1860, aliwauzia wafiwa picha zenye “roho” za marehemu wao. Alishtakiwa New York mwaka 1869, akaachiwa kwa upungufu wa ushahidi.