Nyumba ya Wengi, Jina la Mmoja: Umiliki wa Pamoja kwa Wenye Kipato Kidogo

Mkulima wa mahindi wa Songea hupata fedha kwa msimu. Mama lishe na fundi cherehani hupata kwa siku. Benki, kwa upande wake, hudai marejesho ya kila mwezi. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010, inayozipatia benki fedha za muda mrefu, vimesaidia hasa wenye mshahara wa uhakika. Walio wengi wamebaki nje ya mlango.

Kwa sababu hiyo wanyonge hujenga kwa kuchangiana. Ndugu wawili hununua kiwanja kimoja. Mume na mke hufyatua tofali mwaka huu, bati wakasubiri mavuno ya mwaka ujao. Jijini Dar es Salaam, familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari ziliweka akiba katika vikundi, zikanunua ekari 30 huko Chamazi na kuanza kujenga. Peke yake, hakuna hata mmoja wao ambaye angeliweza.

Njia hii ni njema, lakini ina shimo moja: wanachanga wengi, linaandikwa jina la mmoja. Wote wakiwa hai na wakipatana, hakuna anayeuliza. Swali huzuka baada ya mazishi. Mdogo mtu aliyetoa nusu ya bei hana karatasi. Mjane aliyebeba maji ya kufyatulia tofali anaambiwa kwamba nyumba ni ya ukoo. Shauri hufika Baraza la Ardhi na Nyumba, na undugu huvunjika kabla ya hukumu kutolewa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikuwasahau watu hawa. Inatambua namna mbili za kumiliki pamoja. Katika ya kwanza, ardhi haigawanyiki, na mmoja akifariki haki yote hubaki kwa aliye hai. Katika ya pili, kila mmoja ana hisa yake, na akifariki hisa hiyo huingia katika mirathi yake. Ndugu au marafiki wanaochanga wanahitaji hii ya pili. Kwa wanandoa, sheria inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi yao wote ni ya wote wawili, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Nayo Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inaruhusu jengo moja kuwa na hati kwa kila sehemu.

Kanisa limelisemea jambo hili tangu zamani. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kugeuza akiba yake kuwa mali ya familia. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kuwa na nyumba kunagusa hadhi ya mtu na ukuaji wa familia. Haki hiyo haiwezi kuwa ya yule tu aliyeandikwa jina.

Basi, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, wahusika waandikiane: nani ametoa kiasi gani, hisa yake ni ipi, na mmoja akitaka kuuza au akishindwa kuendelea itakuwaje. Waweke saini mbele ya mashahidi na mwanasheria, kisha wahakikishe majina yote yameingia katika hati ya kiwanja. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, ambazo huwafariji wafiwa kwa uaminifu mkubwa, zingefanya vema kulizungumza jambo hili mapema, wakati wote wangali hai na wanapendana. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Ni kumlinda mwenzako siku ambayo wewe hutakuwapo kumtetea.