Dawa ya kipara ikija kesho, abti wangu ataimeza?

Wasee, kabla hamjaniuliza tena kwenye komenti: ndiyo, niko na kofia kwa video zote. Hata ile ya Idi. Hata ile niliyorekodi karibu na daraja la Tana saa nane mchana, jua la Garissa likipika lami, na msee mmoja akaandika, "Kwani hiyo kofia imeshonewa kichwani?" Watu wakailaiki sana. Mimi pia nikamjibu kwa kakatuni ka kucheka. Sikuwa nacheka.

Nina miaka 24. Nywele zangu za mbele zinarudi nyuma kama maji ya Tana wakati wa kiangazi, kila nikiangalia ukingo umesogea. Kisomali tunaita bidaar. Kiswahili ni upara, au kipara, na mtaani mnajua wenyewe mnaitaje.

Kwa hivyo hili swali linalozunguka mtandaoni, kwamba siku ikipatikana dawa kamili ya kurudisha nywele wanaume wenye vipara wataitaka ama wataikataa, kwangu si swali la kupitisha wakati. Nilizunguka nikiuliza watu, kutoka Soko Mugdi mpaka vibanda vya chai. Si utafiti. Ni mimi tu, simu yangu, na kofia yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa zenyewe, maana nimeona mkitupiana uongo mwingi sana. Kuna minoxidil, ambayo ilianza kama tembe ya presha. Madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele mahali hawakuziomba, ikatengenezwa ya kupaka, na Marekani ikaikubali kwa wanaume mwaka wa 1988. Halafu kuna finasteride. Hiyo hadithi yake inaanzia Jamhuri ya Dominika, ambako watafiti walieleza mwaka wa 1974 kuhusu familia ambazo baadhi ya wanaume wao huzaliwa bila kimeng'enya kinachogeuza homoni ya testosterone kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, DHT. Wanaume hao hawapati kipara cha kawaida, na tezi dume yao hubaki ndogo. Wenye dawa wakaona: si tuizuie DHT basi. Ikaja ya tezi dume mwaka wa 1992, na ya nywele 1997.

Shida ni moja. Ukiacha kutumia, nywele zinaenda. Miezi michache tu na uko pale pale ulipoanzia, kama hukuwahi kulipa. Hiyo mimi siiti tiba. Hiyo ni kodi ya nyumba: unalipa kila mwezi na nyumba haiwi yako. Na finasteride kuna wanaume wachache inawaletea matatizo ya chumbani, kwa hivyo usiinunue kwa mtu wa mkoba, ongea na daktari. Kupandikiza nako ni kuhamisha tu, wanatoa nywele za kisogoni wanazipeleka mbele. Wayne Rooney alifanya hivyo 2011 na akawaambia mashabiki wake wazi. Istanbul sasa watu wanaenda kwa hiyo kazi kama vile sisi tunaenda Eastleigh kununua nguo.

Kwa hivyo swali ni kuhusu kitu ambacho bado hakijafika. Meza mara moja, zirudi zote, kwisha.

Nikaanzia kwa kinyozi wangu. Huyu ni mtu ambaye kila Ijumaa asubuhi hunichorea laini ya mbele kwa rangi nyeusi, ile ya ndevu, ili nionekane niko na paji la kawaida. Anaichora safi kama ramani. Kufika saa saba, kwa joto la huku, laini imeanza safari kuelekea nyusi. Nilipomuuliza kama wateja wake wangetaka dawa akaniangalia kwa kioo, hakujibu, akaendelea kuchora. Nikaelewa.

Rafiki yangu ni mwalimu wa msingi, ana miaka 27, kipara kimeshafika katikati. Aliposa msichana mwaka jana. Siku ya kwenda kujitambulisha, eedo wa huyo msichana aliomba kuona kitambulisho chake. Kitambulisho! Alitaka kuhakikisha hapewi mzee wa miaka 40 anayejiita kijana. Jamaa akatoa kadi, ikazungushwa chumba kizima, mwaka wa kuzaliwa ukasomwa kwa sauti. Walimkubali, harusi ikafanyika, na wanaishi vizuri. Lakini nilipomuuliza kuhusu dawa hakuniacha nimalize. "Leo," akasema. "Hata usiniambie bei."

Halafu nikaenda kwa wazee.

Abti wangu, kaka wa mama, aliendesha lori barabara ya Wajir na Mandera miaka mingi. Kichwa chake ni laini kama bilauri na ndevu zake nyekundu za hina. Nilimkuta kwa chai na wenzake watatu, wawili kati yao vipara pia. Nikauliza swali langu.

"Abti," akaniambia, maana nasi tunaitana hivyo, mjomba na mpwa jina moja, "nywele zirudi zinifanyie nini? Zitanipigia kura?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee mwingine akasema kwa hili joto nani anataka blanketi kichwani. Wa tatu akakumbusha kwamba Hija wanaume wengi hunyoa kichwa kizima, na mwenye kipara kabisa inapendekezwa apitishiwe wembe hivyo hivyo juu ya ngozi, basi huko wote ni sawa. Wakaniuliza kama nimekosa kazi. Nikarudi nyumbani nikijiambia nimepata posti yangu: vijana wanataka, wazee hawataki, kwa sababu mzee kipara chake kimekuja pamoja na heshima na kijana chake kimetangulia. Safi. Nikaanza kuandika.

Hooyo akasoma juu ya bega langu. Akaniuliza kama nakumbuka duksi.

Ni kweli, sijui nilisahauje. Kila mtoto wa huku amesimuliwa hadithi ya wale watu watatu wa Bani Israili, iko katika Bukhari na Muslim: mwenye ukoma, mwenye kipara na kipofu. Malaika akawajia mmoja mmoja akiwauliza wanataka nini zaidi. Yule wa kipara akataka nywele nzuri, na akataka kiondoke kile kinachofanya watu wamchukie. Akapanguswa kichwa, nywele zikaota, akapewa na ng'ombe mwenye mimba. Baadaye malaika akarudi kwa sura ya maskini mwenye kipara, akiomba msaada. Jamaa akakataa. Akaambiwa, kwani si wewe ulikuwa na kipara na watu wakikuchukia? Akasema hapana, mali hii nimerithi kwa mababu. Akaambiwa kama ni uongo arudi alivyokuwa.

Tukiwa wadogo tulifundishwa ni hadithi ya shukrani, na ni kweli. Lakini nikiwa na miaka 24 na rangi ikinitiririka usoni nasikia kitu kingine pia. Huyo mtu hakuomba nywele peke yake. Alitaja watu. Na sioni mahali alipolaumiwa kwa kutaka. Alilaumiwa kwa kumkana mwenye kipara aliyesimama mlangoni kwake, na kujifanya yeye hakuwahi kuwa hivyo.

Hapo ndipo nilifuta kila kitu nilichokuwa nimeandika.

Mimi nadhani wengi wataitaka. Tuache kudanganyana. Wanaosema hawataki, wengi wao watu walishaacha kuwacheka, basi hawaoni cha kutibu. Na hata kule kusifiwa, eti kipara ni pesa, si sifa ya maana. Mwaka wa 2017 polisi wa Msumbiji ilibidi wawaonye wanaume wenye vipara baada ya baadhi yao kuuawa upande wa Milange, kwa sababu kuna watu waliamini vichwani mwao mna dhahabu. Hiyo "kipara ni pesa" tunayosema tukicheka, mahali pengine mtu aliichukua na panga.

Kitu kinachonitisha si kutaka. Ni siku ya pili baada ya dawa kufika. Leo kipara ni kazi ya Mungu na ya ukoo wa mama na baba, hakichagui tajiri. Dawa ikifika Nairobi kwa bei ya Nairobi, kipara kitakuwa umaskini. Angalia meno. Kuna watu waliokulia upande wa Naivasha na Nakuru ambao meno yao yamekuwa ya kahawia kwa sababu ya floridi kwenye maji ya visima. Zamani mtu akikuona alijua tu umetoka wapi. Siku hizi meno yanasafishwa kwa pesa, na yule asiye na hizo pesa anaambiwa hajitunzi. Maji ni yale yale. Sasa fikiria boda wa Dadaab au Modogashe mwenye kipara, na mbele yake abiria aliyetoka kutibiwa juzi, nywele zimejaa. Nani atakuwa wa kwanza kumcheka? Sio mwenye nywele zake za kuzaliwa. Atakuwa yule aliyetibiwa, ili asishukiwe.

Najua kwa sababu mimi nimeshafanya hivyo, na sijatibiwa chochote. Kuna video yangu ya mwaka jana nikimtania msee fulani kwa paji lake. Nikiwa nimevaa kofia. Nimeifuta jana usiku, na waliokuwa wameiona wameshaiona.

Na kabla sijasahau, eedo yangu alinisikia nikipiga hizi stori akaniuliza kwa nini kila siku ni vipara vya wanaume. Akasema wako wanawake kibao ambao nywele za pembeni zimeisha kwa kusuka kwa kuvuta sana tangu utotoni, wanapaka qasil na mafuta kila wiki wakiomba dua, na kwa sababu hijabu imefunika hakuna anayewauliza kama wanataka dawa. Ana haki. Sina la kuongeza, hiyo posti aandike yeye.

Nirudi kwa abti.

Siku ile ya chai, baada ya swala ya isha tulipanda bajaji moja kurudi mtaani. Alinyamaza mpaka tukapita stendi ya mabasi. Kisha akauliza bila kunitazama.

"Abti. Ile dawa."

"Ipi?"

"Ya kwenu huko kwa simu. Iko?"

Nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua imechelewa. Halafu akaniambia kitu ambacho sijawahi kusikia katika familia yetu. Nywele zilimwisha akiwa na miaka 25. Alikuwa anaendesha lori amefunga kilemba, analala na kilemba, na kule njiani makondakta walidhani ni dini nyingi. Siku ya harusi yake hakukivua mpaka taa ilipozimwa.

"Sasa hivi siitaki," akasema. "Nitaipeleka wapi? Lakini mwaka ule ningeuza ngamia."

"Wangapi?"

"Wote."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia nisiwaambie wale wazee. Nikamwomba ruhusa niandike, akasema sawa, wale hawasomi mambo ya simu, ila jina lake lisionekane. Ndio maana hapa ni abti tu.

Bajaji ilipopunguza mwendo karibu na geti letu akanyoosha kidole, akanigonga kofia mara mbili juu, polepole, kama anabisha hodi.

"Na hii utaivua lini?"

Nikamwambia dereva atushushe hapo hapo.