Mbegu tunazipima, programu je?

Kule Kilangali, wilayani Kilosa, kuna shamba la mbegu za mpunga la Wakala wa Mbegu za Kilimo. Mbegu haziendi kwa mkulima kwa sababu tu zinang'aa. Sampuli hupelekwa maabara. Kwa utaratibu wa kimataifa huhesabiwa punje 400, huoteshwa, na kwa mpunga hesabu ya mwisho hufanyika siku ya 14. Zikiota chini ya kiwango, haziuzwi kama mbegu.

Sasa tuje kwa vijana wetu wanaojifunza kuandika programu za kompyuta. Wengi ninaozungumza nao wamefundishwa kuandika, hawakufundishwa kupima. Programu ikifunguka bila kugoma, kazi imekwisha!

Dawa ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma walianza kuandika JUnit wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Wazo lake ni rahisi: unaandika programu ndogo za kuipima programu yako, kipande kwa kipande. Chukua kipande kinachokokotoa umri wa mtoto kliniki. Jaribio linauliza: aliyezaliwa 29 Februari 2024, je, tarehe 28 Februari 2025 ametimiza mwaka? Hapana. Kompyuta ikisema ndiyo, jaribio linafeli, unarekebisha. Kesho ukigusa mstari mwingine, unayarudia majaribio yote mara moja, na ulichoharibu kinaonekana.

Msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Anayeuongezea kitu hutakiwa kuleta na majaribio yake. Kosa humo si picha kukaa upande. Linaweza kuwa dozi ya mgonjwa.

Wapo watakaosema majaribio yanachelewesha, na bosi anataka kazi Ijumaa. Kweli yanachelewesha. Hata siku 14 za mpunga zinachelewesha. Lakini mkulima aliyeuziwa mbegu mbovu hapotezi siku 14, anapoteza msimu mzima.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa vyuo ni moja: mwanafunzi akileta programu isiyo na majaribio, msiisahihishe. Mrudishieni. Akizoea darasani, hatahitaji kusukumwa kazini.

Mnasemaje wenzangu?