Picha Si Mbegu

Ewe msomaji, chukua punje moja ya kunde ghalani kwenu, uwe mkazi wa Tharaka, Chuka au Mbeere. Iume: ni ngumu kama jiwe. Loweka nyingine jioni, uitazame asubuhi: imevimba na kulainika. Akija mtu na punje hiyo iliyolowa, akaapa kwamba ndivyo ilivyo kunde kavu, hapana shaka utamkatalia. Mbona basi picha ya hadubini ya elektroni waipokea kitabuni bila swali?

Hadubini hiyo, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll, ni chombo cha ajabu, nami sikilaumu. Naulaumu uvivu wetu wa kusahau yaliyoipata seli kabla ya kupigwa picha. Elektroni husafiri mahali pasipo hewa, wala hazipenyi kitu kinene. Kwa hiyo seli hutiwa dawa ya kuihifadhi, huondolewa maji kwa alkoholi, hujazwa resini, kisha hukatwa kwa kisu cha kioo au cha almasi kuwa vipande ambavyo unene wake hauzidi sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwisho hutiwa chumvi za risasi na urani ili sehemu zake zipambanuke.

Angalia sasa: dawa ile ya kwanza kwa kawaida huchanganywa na maji, na mbegu kavu huyanywa! Ukitaka kuiona ikiwa kavu, umekwisha kuilowesha.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1974 mtaalamu E. W. Simon alitoa rai kwamba utando wa seli katika mbegu kavu hupoteza mpangilio wake kwa kukosa maji. Dawa yenye maji ingewezaje kuamua shauri hilo? Mwaka 1982 W. W. Thomson na K. A. Platt-Aloia walichapa habari za mbegu za kunde, kunde hizi hizi tulazo, zilizogandishwa zingali kavu na kuvunjwa ili uso uliovunjika utazamwe. Utando ulionekana mzima, una tabaka zake mbili. Njia ya kuiandaa mbegu ndiyo iliyoleta jibu.

Wako watakaosema, "Mtihani hauulizi hayo." Mimi nami, mwalimu wa walimu, nilipata kusema hivyo, na leo naona haya. Mwanafunzi aliyefunzwa kuamini bila kuuliza, kesho atakuwa mwalimu, bwana shamba au tabibu. Naye atawapa watu majibu asiyojua yalikotoka.

Basi usiidharau picha, wala usiisujudie. Iulize: ulitiwa nini, ulikatwaje, ulikuwaje kabla ya kuguswa? Na kitabu kisichojibu, mwulize mwalimu wako. Naye asipojua, tafuteni pamoja. Hiyo ndiyo elimu. Iliyobaki ni kunakili.