Dawa Ipimwe Katika Mate, Si Katika Maji Matupu

Kinywa si chombo kitupu. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Ndani ya mate zimo protini ziitwazo musini, zinazofanya ute wa kuteleza unaofunika ulimi, ufizi na mashavu kwa ndani. Ute huu ni mlinzi. Hunasa uchafu na vijidudu, kisha humezwa, na mwingine mpya huchukua nafasi yake.

Lakini mlinzi huyu aweza kuinasa hata dawa. Siku hizi wataalamu hutengeneza chembe ndogo mno za kubebea dawa, yaani nanopatikeli. Hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Musini zina chaji hasi ya umeme. Kwa hiyo chembe zenye chaji chanya, kama zile za kitosani itokanayo na maganda ya kamba na kaa wa baharini, hunata kwenye ute. Faida yake ni kwamba dawa hukaa kinywani muda mrefu zaidi. Hasara yake ni kwamba chembe zaweza kushikamana zikawa mabonge, zikamezwa pamoja na ute kabla ya kufika penye ugonjwa. Chembe zilizofunikwa vema kwa polithileni glikoli hunata kidogo tu, nazo hupenya kwa urahisi zaidi.

Kwa maoni yetu, chembe iliyofanya vizuri katika maji safi ya maabara bado haijatuambia itafanya nini kinywani mwa mgonjwa. Tena mate ya kijana mwenye afya si sawa na ya mtu ambaye kinywa chake kimekauka kwa tiba ya mionzi ya saratani ya shingo. Wagonjwa ndio watakaoihitaji dawa hiyo. Basi ipimwe katika mate yao tangu mwanzo.

Nasi nyumbani tuna la kujifunza. Mtu mzima mwenye utando mweupe wa fangasi kinywani, akipewa nistatini ya maji, asiimeze papo hapo. Aizungushe na kuishikilia kinywani kadiri awezavyo. Dawa inayopita mbio haipati nafasi ya kuponya.