Kidonda cha Ulimi Kisichopona Usikingoje

Kidonda kilichokaa ubavuni mwa ulimi zaidi ya wiki 2 si cha kusukutuliwa kwa maji ya chumvi tena. Ni cha kupelekwa hospitali, na iwe wiki hii hii.

Saratani ya ulimi haiji kwa kishindo. Huanza na kidonda kidogo, au baka jeupe au jekundu, ambalo mara nyingi haliumi. Mtu hudhani amejing'ata, au kwamba jino lililovunjika linamkwaruza. Hununua dawa ya fangasi, ikiisha hununua antibayotiki, kisha jirani humwelekeza kwa mganga. Miezi inayoyoma. Siku anapofika kwa daktari, maneno yanamtoka kwa shida, sikio la upande ule linamuuma na tezi ngumu imetokeza shingoni.

Ugonjwa ukifika huko, huenda upasuaji uliobaki ni wa kuondoa ulimi wote. Madaktari huukata pamoja na tezi za shingoni, kisha huchukua nyama na ngozi ya paja au kifua kuziba pengo. Nyama hiyo hujaza kinywa, lakini haijongei wala haionji. Na ulimi ndio unaosukuma tonge kooni. Ukiondoka, hata uji hupotea njia ukaingia mapafuni. Mgonjwa hupaliwa, na wengine hupata nimonia. Wapo wanaojifunza tena kumeza vyakula laini baada ya mazoezi marefu, na wapo wanaolishwa kwa mpira wa tumboni maisha yao yote. Baadhi huondolewa na zoloto pia, wakabaki kupumua kwa tundu la shingoni. Kuhusu kusema, jaribu kutamka "asante" bila ulimi kugusa popote, utaelewa. Watu wa nyumbani humzoea. Mgeni hupata taabu kumwelewa.

Baada ya hapo kwa kawaida huja mionzi, na bado saratani inaweza kurudi, hasa katika miaka 2 ya mwanzo. Lakini aliyeambiwa kuwa upasuaji huu ndio tiba yake asikimbie, maana wapo unaowaokoa. Aulize mapema atalishwaje, nani atamfundisha kumeza na kusema, na meno yake yakaguliwe kabla ya mionzi. Anayewahi hukatwa sehemu ndogo tu, na wengi wao huendelea kula na kuzungumza.

Sigara, ugoro na pombe ndivyo vinavyoongoza kwa kuleta ugonjwa huu, na anayevuta huku akinywa hujizidishia hatari maradufu. Kwetu pwani kuna tambuu, ambayo hutafunwa pamoja na popoo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004, lilisema wazi kuwa popoo husababisha saratani hata isipochanganywa na tumbaku. Vijana wanaoweka kuberi mdomoni wakidhani ni kiburudisho tu, wajue kuwa ile ni tumbaku.

Leo usiku simama kwenye mwanga mzuri mbele ya kioo. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uvute kushoto na kulia, uuinue utazame chini yake, kisha pitisha kidole. Ukikuta kidonda cha siku nyingi, baka au sehemu ngumu, nenda kwa daktari wa kinywa. Usikubali pachomwe wala pakwanguliwe mtaani. Na ukiandikiwa dawa nyingine juu ya ile isiyokuponya, omba kinyama kidogo kikatwe kipelekwe maabara kupimwa saratani.